Mlipe Dada Kabla ya Sala ya Jioni

Jumamosi asubuhi, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinapokusanyika kusali nyumba kwa nyumba, kuna mtu mmoja ambaye mara nyingi hahesabiwi. Viti vya plastiki kavipanga yeye. Uwanja kaufagia yeye, chai ya tangawizi kaichemsha yeye, na mtoto akianza kulia katikati ya Injili ni yeye atakayembeba mgongoni na kwenda naye nyuma ya nyumba ili wengine wasali kwa utulivu. Katibu akiita majina, lake halimo. Akiugua, haombewi. Akifiwa na mama yake huko Singida, rambirambi ya jumuiya haimfikii, kwa sababu daftari la jumuiya halijui kama yupo.

Huyo ni dada wa kazi. Makala haya nawaandikia ninyi kina mama na kina baba Wakristo mlioajiri dada, na ninyi mnaofikiria kuajiri. Nawaandikia pia mapadre, wachungaji na watawa, maana nyumba za parokia na sharika nazo zina wapishi na wafuaji. Najua waajiri wengi si matajiri. Ni walimu, wauguzi, wenye genge au duka dogo, mama anayegombania daladala alfajiri; bila dada haendi kazini, na bila kazi watoto hawali. Najua hayo yote, na bado nasema: ukitaka kujua imani imefika wapi katika nyumba fulani, mtazame mwenye nguvu ndogo kuliko wote chini ya paa lile. Tazama anavyoitwa, anavyolipwa, anavyopumzika, anapolala, na siku ya kuondoka anaondokaje.

Tuanze na jina. Soma upya sura ya 16 ya kitabu cha Mwanzo ukimfuata Hajiri hatua kwa hatua. Abramu na Sarai wanamzungumzia, wanampangia maisha, wanagombana kwa ajili yake, lakini hakuna hata mmoja wao anayemtaja jina. Kwao ni mjakazi tu. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana, pale kwenye chemchemi jangwani, na mara moja anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Mwanamke huyo ambaye mabwana zake hawakumtaja ndiye anayempa Mungu jina, Mungu amwonaye. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo, kwa sababu swali la malaika ndilo swali la kwanza tunalopaswa kumuuliza binti anayeshuka kwenye basi akiwa na begi lake dogo.

Muulize, tena andika. Jina lake kamili, kijiji chake, wazazi au walezi wake na namba zao za simu, amesoma mpaka wapi, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, ni wa dhehebu au dini gani. Wapigie wazazi wewe mwenyewe mbele yake, usimwachie dalali. Kisha waambie watoto wako jina lake na namna ya kumwita. Mtoto wa miaka minane hana ruhusa ya kumpigia kelele mtu mzima kutoka sebuleni aletewe maji. Akiwa amewazidi umri, wamwamkie shikamoo kama wanavyowaamkia wakubwa wengine. Na lile neno la mtaani, beki tatu, lisisikike ndani ya nyumba inayosali. Watoto hawajifunzi heshima ya binadamu kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza pekee. Wanajifunza kila jioni kwa kuangalia mama yao anavyosema na dada.

Sambamba na jina ni umri. Sheria ya Tanzania inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha miaka hiyo anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kuishi kwa watu, kulea mtoto mchanga, kufua na kupika kutwa nzima si kazi nyepesi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na ushauri wangu ni kwamba usimchukue wa kulala kwako aliye chini ya umri huo. Dalali atakwambia amekua mwili tu, au wazazi wenyewe ndio wameomba. Usikubali maneno. Omba cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, omba cheti cha ubatizo, ambacho huandikwa tarehe ya kuzaliwa, na parokia yao ina kitabu. Ukigundua ni mtoto wa miaka kumi na mitatu na tayari yuko mlangoni kwako, usimrudishe kwa dalali, kwa maana atampeleka nyumba ya jirani kesho yake. Zungumza na wazazi na mrudishe nyumbani ukiwa na mtu wa kuaminika. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Kinachowashinda wazazi wengi ni sare, madaftari, viatu na nauli. Kama moyo umekusukuma kumsaidia, msaidie hapo.

Sasa mshahara, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Wakristo wengi tunapojidanganya. Mambo ya Walawi sura ya 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka alipwe kabla jua halijatua, na inatoa sababu ya kibinadamu kabisa: ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alirudia fundisho hilo kwa viwanda na mashamba ya wakati wake, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaiweka dhuluma ya ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu, kwenye orodha moja na uuaji. Ndugu zetu Walutheri wana Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo mwishoni ina wajibu wa watu wa nyumbani, na mabwana na mabibi wamo, wakikumbushwa na Waefeso sura ya 6 kwamba wao pia wana Bwana mbinguni asiyependelea mtu.

Hakuna Mkristo anayeamka asubuhi na kusema leo nitamdhulumu dada. Dhuluma huja na lugha ya upole. Inasema, mshahara wako nakutunzia. Inasema, wewe ni kama mwanangu, mambo ya mshahara ya nini? Inasema, mwezi huu nimebanwa na ada, vumilia. Inasema, ile chupa ya chai uliyovunja tutaikata. Baada ya miezi minane binti hajui anadai shilingi ngapi, na mwajiri naye hajui, ila kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na siku ya ugomvi hesabu mbili hizo zinakutana.

Dawa yake ni daftari. Nunua daftari moja la kawaida, liwe la kazi hiyo tu. Ukurasa wa kwanza andikeni makubaliano: mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, kazi zake ni zipi, siku ya mapumziko ni ipi, likizo ni lini. Wote wawili mtie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa mbele ya mtu mwingine. Kila mwezi ukimlipa, andika tarehe na kiasi, na yeye atie sahihi. Mpe fedha mkononi au kwenye simu yake, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Kama hana kitambulisho cha taifa na ameshafikisha miaka 18, mpe siku moja aende kujiandikisha. Akitaka wewe umtumie mama yake sehemu ya mshahara, sawa, lakini liwe ombi lake na liandikwe. Akitaka kuweka akiba, aweke mwenyewe kwenye simu au kwenye kikoba. Vyombo vikivunjika bahati mbaya, hiyo ni gharama ya kuwa na nyumba. Wewe ukivunja glasi hukatwi.

Kiasi gani? Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na wafanyakazi wa majumbani wamo. Uliza ofisi ya kazi iliyo karibu nawe au chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, na kwa Kenya uliza KUDHEIHA, upate kiwango cha sasa. Ukilipa kiwango hicho, umetii sheria. Haki inaweza kudai zaidi. Bei ya sukari na unga ikipanda kwako imepanda pia kwa mama yake, kwa hiyo kila mwaka kaeni mzungumze nyongeza, hata iwe ndogo. Kama huwezi kabisa kulipa kiwango cha sheria, basi huna uwezo wa kuajiri dada wa kulala, na hilo si aibu. Tafuta mtu wa kuja kufua mara mbili kwa wiki na umlipe vizuri kwa siku hizo. Gawaneni kazi na mumeo na watoto. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha malezi ya mchana kama kipo. Kisichokubalika ni unafuu wa maisha yako kulipiwa na binti wa mtu asiyeweza kukwambia hapana.

Kuhusu mapumziko, Kumbukumbu la Torati sura ya 5 ina jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Katika kitabu cha Kutoka, amri ya Sabato inaegemezwa kwenye uumbaji: Mungu alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu inabadilika. Watu wanaambiwa wapumzike ili mtumwa wao na mjakazi wao wapumzike kama wao, na wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo Jumapili ambayo familia nzima imependeza, imesali, imekaa sebuleni, na dada yuko jikoni tangu alfajiri na kuku watatu wa wageni, hiyo siku ya Bwana haijatimia.

Hebu tuhesabu. Dar es Salaam, mtoto anayepandia basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri huandaliwa na mtu aliyeamka saa kumi: kuchemsha maji, kupasi sare, kufunga chakula. Baba akirudi saa tano usiku, geti linafunguliwa na mtu yuleyule. Ni saa 19. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Dada aliyeanza Jumatatu, hata ukimtolea saa mbili za kupumua kila siku, saa zake zinakwisha Jumatano alasiri. Wiki bado ina siku nne.

Kwa hiyo panga upya. Mwenye kuchelewa kurudi awe na ufunguo wake. Sare zipasiwe jioni, na mtoto wa darasa la nne apasi yake chini ya uangalizi. Baada ya chakula cha mchana, mtoto mdogo akilala, dada naye alale. Usimbunie kazi kwa sababu tu umemwona amekaa. Siku yake ya wiki iwe siku nzima, kuanzia asubuhi, na asiulizwe anakwenda kwa nani kama vile ni mfungwa. Likizo ya mwaka kwa sheria ya Tanzania ni siku 28 zenye malipo, na Kenya ni siku za kazi zisizopungua 21. Kwenda kwao Krismasi kwa siku tano, halafu anapigiwa simu arudi haraka, hiyo haijawa likizo.

Najua kuna atakayesema, mimi dada wangu nampenda, anakula tunachokula, simpigi, hana shida. Huyo namwomba amfikirie Mtakatifu Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto mdogo, na mshtuko ulimfanya asahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Aliuzwa sokoni zaidi ya mara moja, akapigwa, akachanjwa mwili. Kisha akanunuliwa na mwakilishi wa Italia mjini Khartoum, mtu ambaye hakumtesa, na mwaka 1885 akafika Italia na kupewa familia ya Michieli awe yaya wa binti yao mdogo. Maisha yalikuwa nafuu sana kuliko ya awali. Mama wa nyumba ile alimwacha kwa muda kwa masista Wakanosa mjini Venice, na aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Shauri lilifika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yuko huru na kwamba kisheria hakupaswa kuhesabiwa mtumwa kabisa. Alibatizwa Januari 1890, akawa sista, akapika na kupokea wageni mlangoni pa konventi ya Schio hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Nampenda mtakatifu huyu kwa lile neno lake la hapana. Alikuwa kwa watu waliomtendea vizuri, alimpenda yule mtoto aliyemlea, na bado alitaka awe mtu anayeweza kuamua. Wema wa bosi unaweza kuisha siku bosi akikasirika, haki hubaki. Jiulize kama dada wako anaweza kukwambia hapana bila kuogopa. Jiulize kama anaweza kuondoka leo akitaka: nauli anayo? Simu anayo? Kitambulisho chake kiko wapi? Tunalia, na ni halali kulia, tunaposikia mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokwenda Oman au Saudi Arabia kufanya kazi za ndani wamenyang'anywa pasipoti na kukatazwa simu. Basi kitambulisho cha binti wa Iringa kisikae kwenye droo yako huko Mbezi, na simu yake isifungiwe kabatini. Mkubaliane tu kwamba akiwa na mtoto jikoni au bafuni, simu inakaa pembeni.

Chakula sitakisemea mengi. Chungu kiwe kimoja. Mezani akaribishwe kwa dhati. Akipendelea kula jikoni kwa raha zake, mwache, ilimradi mlango wa mezani uko wazi kwake na nyama haikuhesabiwa. Godoro, chandarua, sanduku lenye kufuli, pedi za kila mwezi: hivyo ni vitu vya kawaida vya mtu anayeishi ndani ya nyumba.

Mahali anapolala panahitaji maneno zaidi. Dada wengi hulala sebuleni, au kwenye stoo isiyo na komeo, au chumba kimoja na watoto wa kiume waliokwisha kubalehe. Usiku kuna mjomba aliyekuja mjini kutafuta kazi, kuna kaka wa chuo aliyeko likizo, kuna baba mwenye nyumba. Sitaki kumsingizia mtu, lakini mwenye kuhudumia familia kwa muda anajua siri hizi zipo, tena zipo kwenye nyumba zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Mwekee mlango wenye komeo la ndani. Usimwache binti usiku peke yake na mwanaume mzima. Siku ya kwanza kabisa, mwambie kwa maneno yasiyozunguka kwamba mwili wake ni wake, kwamba mtu yeyote wa nyumba hii akimgusa au akimwambia maneno machafu aje akwambie, na kwamba hatafukuzwa kwa kusema. Mpe na namba ya mtu mwingine nje ya nyumba, mwenyekiti wa jumuiya au shangazi wa kanisani, kwa sababu huenda siku hiyo wewe ndiye utakayekuwa mgumu kuamini.

Akisema, msikilize. Usiite kikao cha ukoo kumhoji yeye na mtuhumiwa wakiwa wamekaa kochi moja. Kama amebakwa, asioge wala asifue nguo alizovaa. Mpeleke hospitali na polisi mara moja. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa fomu ya PF3; akiwa na hali mbaya, hospitali itangulie. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Akiwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bure. Nawaomba sana mapadre na wachungaji: kesi ya namna hii ikiletwa kwenu, msiifanye kuwa upatanisho. Msamaha ni wa aliyeumizwa, atautoa kwa wakati wake akijaliwa. Hamna mamlaka ya kuutoa kwa niaba yake ili jina la mzee wa kanisa lisichafuke. Mficha uchi hazai, na Kanisa linaloficha jambo hili linazaa wahanga wengine.

Halafu kuna ujauzito. Kawaida ya wengi ni kumfungia begi na kumpandisha basi siku hiyohiyo. Sheria haikubali ujauzito kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi, na inampa likizo ya uzazi ya siku 84. Lakini hata kabla ya sheria, sisi tunaohubiri utakatifu wa uhai tangu tumboni tutahubirije mimbarini tukimtupa stendi msichana mwenye mimba ya miezi minne bila kliniki wala nauli? Mpeleke kliniki kwanza. Mpe muda wa kusema ukweli kuhusu baba wa mtoto, bila vitisho. Wajulishe wazazi wake naye akiwepo na akikubali. Akitaka kwenda kujifungulia kwao, aende na stahiki zake zote na mtu wa kumsindikiza.

Dini yake ni yake. Nyumba ikisali rozari jioni, dada Mwislamu asilazimishwe kukaa, wala asionekane mbaya akienda chumbani kwake. Ramadhani apate nafasi ya kupika daku na kazi nzito zipunguzwe. Idi iwe sikukuu yake kweli. Usimpe kitimoto akikate na kukikaanga. Akiwa Msabato, siku yake ya mapumziko ni Jumamosi, na hapo hamna ugomvi wowote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini, na fundisho hilo linahusu jikoni kama linavyohusu serikali. Nimeona mabinti waliovutwa na Kristo kwa sababu nyumba ile iliwaheshimu walipokuwa hawajamjua.

Je, dada hakosei? Anakosea. Wapo wanaoiba, wanaowapiga watoto, wanaoondoka alfajiri bila kuaga na kumwacha mama na kichanga cha miezi mitatu. Maumivu hayo nayajua na siyadharau. Kwenye kosa, fuata mwendo wa Ayubu. Katika sura ya 31 anasema kwamba kama angedharau shauri la mtumishi wake au mjakazi wake walipolalamika dhidi yake, asingekuwa na jibu mbele za Mungu, kwa kuwa aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyewaumba wao. Ayubu alikuwa bosi ambaye watumishi wake waliweza kumlalamikia. Kwa hiyo tenga nusu saa kila mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, baada ya kumlipa na si kabla. Muulize nini kimekuwa kizito, sema na wewe lililokukera, andikeni mlichokubaliana. Fedha ikipotea, tafuta kwanza mifuko yote ya nyumba. Usimvue nguo mtu, usimpeleke kwa mganga, usimwapishe kwa Biblia. Ukiona mtoto ana alama za kupigwa, hilo ni jambo la kumwondoa mtoto mikononi mwake siku hiyohiyo na kuripoti, na hata hapo makofi hayana nafasi.

Na msikilize si kwa makosa tu. Yule msichana mdogo aliyetekwa Israeli na kumtumikia mke wa Naamani, ambaye Kitabu cha Pili cha Wafalme hakikutuachia jina lake, ndiye aliyejua bwana wake aponee wapi ukoma. Mke wa Naamani alikuwa na busara ya kulipokea neno la binti wa kazi. Muulize wako anataka kuwa nani. Kuna ushonaji na upishi VETA, kuna madarasa ya jioni, kuna mtihani wa maarifa, ule wa QT, kwa aliyeishia njiani. Saa mbili za jioni mara tatu kwa wiki zinaweza kupatikana familia ikiamua. Mwanza lipo shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na watu waliopitia kazi hizi wakiwa wadogo na sasa wanawatetea wenzao. Kazi yao inatosha kuonyesha kwamba binti wa jikoni anaweza kusimama mbele ya wakubwa na kusema.

Kwa jumuiya na parokia, nina maombi machache. Muandikeni kila dada kwenye daftari la jumuiya, na mumwombe asome somo zamu yake ikifika. Sala ikifanyika kwenye nyumba anayofanyia kazi, chai ipikwe na wenye zamu ili akae. Padre akija kubariki nyumba aulize, watu wote wako hapa? Aliyeko uani aitwe. Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Bakhita, ambayo Kanisa limeifanya siku ya kuwaombea wanaosafirishwa na kutumikishwa, ihubiriwe habari ya majumbani mwetu. Na wapishi wa nyumba ya paroko wawe na mkataba, mshahara unaofika kwa wakati, na siku ya mapumziko, kabla paroko hajawaambia waumini walipe.

Halafu siku ya kuondoka. Huenda anaolewa, amepata kazi bora, au mmeshindwana. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 kwa upande wowote. Fungueni lile daftari, mjumlishe mbele ya shahidi: mshahara uliobaki, siku za likizo ambazo hakuzichukua, na fedha yoyote aliyokupa umtunzie. Kama ulimtoa mkoani na wewe ndiye unayemwachisha, nauli ya kumrudisha na mizigo yake ni juu yako; ndivyo sheria inavyosema. Mwandikie barua fupi inayoeleza alikaa muda gani na alifanya kazi gani, kwa ukweli, imsaidie mbele ya safari. Begi lake alifunge mwenyewe, pasiwe na upekuzi mlangoni mbele ya watoto. Watoto waage, maana wengine yeye ndiye aliyewafundisha kutembea. Kisha mpigie mama yake umwambie ni basi gani, limeondoka saa ngapi, na litafika saa ngapi.